Siri Ikishaingia Kundini

Hotuba ya walimu wa unasihi kwa wanafunzi, wazazi na walimu wa shule ya sekondari ya bweni, siku ya wazazi

Mwenyekiti wa bodi, mkuu wa shule, walimu wenzetu, wazazi wetu shikamooni. Wanafunzi, hamjambo.

Walimu wa unasihi wakisimama kuzungumzia makundi, wengi mnajua kinachofuata: epuka makundi, kaa peke yako, soma. Leo hamtayasikia hayo. Mtoto wa miaka 14 akitolewa kwao Tandahimba akaletwa kwenye bweni lenye vitanda 40 vya deka, bila kundi hamalizi mwezi. Kundi ndilo linalomshikia nafasi kwenye foleni ya maji, linalomwamsha saa kumi na moja alfajiri, linalomwazima sabuni mpaka nyumbani watume matumizi. Hatuna ugomvi na hilo.

Ugomvi wetu ni kiingilio. Makundi mengi ya umri wenu yana kiingilio, na siku hizi kiingilio hicho ni siri. Taa zimezimwa, prepo imeisha, mtu mmoja anasema: "Haya, kila mtu aseme kitu ambacho hajawahi kumwambia mtu." Wa kwanza anatoa kitu kidogo. Wa pili hataki kuonekana mwoga, anaongeza. Wa tano anamwaga habari za baba yake na mama mwingine. Asubuhi wote wanajiona wameshibana kuliko jana, na kweli wameshibana, kwa sababu kuambiana ya moyoni ndivyo urafiki unavyojengwa duniani kote. Ila angalia kimebaki nini. Kundi sasa limeshika kitu cha kila mmoja. Siku ukitaka kutoka, kitu chako hakitoki nawe.

Kuna kipimo kimoja cha kujua kama kundi lako ni la urafiki au la rehani. Kaa chini uhesabu wiki iliyopita: nani aliuliza, nani alijibu? Katika makundi mabovu yupo mmoja anayejua ya wote na yake hayajulikani. Huyo mara nyingi ndiye kinara. Wapambe wake wanajua nusu, na pembezoni yuko yule anayeitwa kundini leo, kesho analiwa buyu, hakuna anayemsemesha. Mkitaka kujua siri itavujia wapi, msimtazame kinara, maana yeye ana faida ya kuitunza. Mtazameni wa pembezoni. Huyo hana nguvu, hana hela, hana umaarufu. Akipata habari moja nzito amepata cha kununulia nafasi kwenye meza nyingine. Na mtazameni aliyetemwa jana.

Sasa hesabu, maana kidato cha tatu mpo hapa. Ukimwambia siri rafiki mmoja, kuna njia moja. Kundi la watu 5 lina jozi 10 za watu wanaoweza kukaa wawili wakaizungumza. Kundi la 8 lina jozi 28. Chukua idadi ya watu, zidisha kwa idadi hiyo ukitoa moja, gawanya kwa mbili. Na hapo hatujamhesabu mdogo wa mtu aliye kidato cha kwanza, wala mwenzake wa dawati, wala mpenzi aliye shule ya jirani.

Nyingine ni hii. Tuseme kila anayeijua siri anamwambia mtu mmoja tu kila usiku, tena kwa kunong'ona, tena kwa kuapishana. Usiku wa kwanza wanajua 2, wa pili 4, wa tatu 8. Usiku wa 9 wanajua 512, yaani shule nzima. Usiku wa 10 wanajua 1,024. Hakuna hata mmoja kati yao aliyesambaza, ukiwauliza. Kila mmoja atakuapia kuwa usiku ule alimwambia mtu mmoja tu, na atakuwa anasema kweli. Ndiyo maana leo hatutamfukuzia sana aliyeanzisha. Leo tunasema na wewe uliyepokea.

Kabla ya hapo, wavulana, msicheke. Tunawaona. Mnadhani umbea ni mambo ya bweni la wasichana. Mwaka 1995 watafiti wawili wa Marekani, Nicki Crick na Jennifer Grotpeter, walichapisha utafiti kuhusu watoto wanaoumiza wenzao bila kuinua ngumi, kwa kuwatenga, kuwasema na kuwaharibia urafiki. Wasichana walionekana zaidi katika kundi hilo, na tangu hapo watu wengi wamebaki na picha hiyo. Bweni la wavulana lina njia yake: siri inapita kama utani, halafu inakuwa jina. Kijana anayekojoa kitandani haongelewi pembeni kwa kunong'onezana, anaitwa "Ziwa Viktoria" bwaloni, na jina hilo linadumu mpaka kidato cha nne. Kukojoa kitandani ukubwani ni jambo la kitabibu. Kati ya vijana 100 wa miaka 15, mmoja au wawili bado linawapata. Kwa hiyo shule yenye wanafunzi 500 inao 5 mpaka 10, nanyi mnamjua mmoja tu kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na rafiki mwenye mdomo. Wanaobaki hujizuia kunywa maji mchana kutwa, jambo ambalo halisaidii. Kinachosaidia ni kunywa vizuri mchana na kupunguza saa mbili kabla ya kulala, kwenda haja kabla ya kupanda kitandani, godoro kufunikwa nailoni chini ya shuka, patroni kumwamsha mara moja usiku bila kelele, na kwenda hospitali kupimwa mkojo na sukari. Yote hayo yanahitaji mtu aweze kumwambia patroni, na mtu aliyekwisha kupewa jina hamwambii mtu tena.

Mtauliza: mbona rafiki yangu ni mtu mzuri, tukiwa wawili anatunza, tukiwa wengi anaropoka? Mwaka 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg wa Chuo Kikuu cha Temple, Philadelphia, waliwapa watu mchezo wa kompyuta wa kuendesha gari: taa inageuka njano, unaamua kusimama au kupita. Vijana wa miaka 13 hadi 16 walipocheza peke yao walikuwa waangalifu karibu sawa na watu wazima. Walipowekewa wenzao wakiwatazama, walijihatarisha karibu mara mbili. Watu wazima hawakubadilika. Ulimi nao ni hivyo hivyo. Hakuna aliyepanga kukuuza. Walikuwepo wanne, kicheko kilikuwa kinamtafuta mtu wa kukijaza, naye alikuwa na habari yako mdomoni.

Tukae kidogo kwenye mfano mmoja, kwa sababu ndio unaotunyima usingizi sisi watu wa kazi hii.

Katika shule za bweni wapo vijana waliozaliwa na virusi vya UKIMWI. Wanasoma, wanacheza mpira, wanaimba kwaya. Wanatumia dawa za ARV, kwa wengi kidonge kimoja kwa siku, saa ile ile. Dawa hizo huja kwenye chupa, na chupa ya vidonge 30 au 90 ikiwa ndani ya tranka inalia kila tranka likisogezwa. Kijana anaogopa mlio huo. Kwa hiyo anavitoa vidonge, anavifunga kwenye karatasi au soksi, huko vinapata unyevu na kuharibika, maana chupa ile ilitengenezwa kuzuia unyevu. Au saa yake ya kumeza ni saa mbili usiku, prepo iko katikati, akiomba ruhusa kila siku saa hiyo hiyo watu wanaanza kuhesabu.

Halafu anatokea mwenzake anayetafuta sabuni, anafungua tranka, anaiona chupa. Hajui hata ni ya nini. Anasoma jina, anamuuliza mwingine. Tunarudi kwenye hesabu yetu ya usiku 9.

Kinachofuata tunakijua hatua kwa hatua. Ndani ya siku mbili au tatu kikombe chake kinatengwa. Aliyelala kitanda cha chini anaomba kuhamishwa. Naye anafanya jambo moja analoona litaziba midomo: anaacha dawa, ili asionekane tena akimeza. Ukiacha ARV, virusi vilivyokuwa vimetulizwa huanza kuzaliana tena, na kwa watu wengi ndani ya wiki mbili hadi nne vinaonekana kwenye kipimo. Anayemeza leo na kuruka kesho yuko pabaya pia, maana virusi vinajifunza kuizoea dawa, na dawa ya mstari wa pili, ile inayotolewa ya kwanza ikishindwa, ina kazi zaidi. Muhula mmoja unatosha kumrudisha nyumbani mgonjwa. Na mwenye kufungua tranka atasema, kwa nia safi kabisa, kwamba yeye alitafuta sabuni tu.

Kwa hiyo, ukiiona dawa ya mwenzako: funga tranka. Usisome lebo kwa sauti, usipige picha, usimuulize mbele ya mtu. Ukilazimika kusema neno kwa sababu amekuona, sema: "Sijaona kitu cha kuzungumza." Kikombe, shuka, choo, kushikana mikono na kula sahani moja havimwambukizi mtu. Anayemeza dawa vizuri mpaka virusi havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake hata kwa ngono. Sheria ya Tanzania ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda usiri wa majibu ya kipimo na inakataza unyanyapaa, na tangu mabadiliko ya 2019 kijana wa miaka 15 anaweza kupima bila kusubiri ridhaa ya mzazi. Hii ina maana kwamba hapa mbele yetu huenda wapo wanaojua jambo lao ambalo hata wazazi wao hawajui.

Matroni na patroni, kazi yenu hapa ni ndogo na ni kubwa. Dawa zote za wanafunzi, ziwe za pumu, kifafa, sikoseli au ARV, zikae chumba kimoja na zitolewe kwa wote kwa wakati mmoja. Mstari wa watu 15 wanaomeza dawa tofauti haumtaji mtu. Mstari wa mtu mmoja unamtaja.

Sasa simu. Tunajua sheria ya shule, na tunajua pia kwamba simu zipo, nyingine kwenye mfuko wa unga wa sembe. Lakini mlipuko mkubwa hutokea likizo ya Juni na ya Desemba, pale grupu la darasa linapoamka. Kumbukeni ile 1,024 ya usiku wa 10. Ndiyo idadi ya juu ya watu wanaoweza kuwa kwenye grupu moja la WhatsApp. Kilichochukua usiku 10 kwa mdomo kinachukua kidole kimoja.

Yapo mambo mnayoyaamini kuhusu simu ambayo si kweli. La kwanza, "nitafuta." Kufuta kwa wote kunawezekana kwa muda wa siku mbili na saa 12 hivi baada ya kutuma, lakini inabaki alama kuwa ujumbe umefutwa, na alama hiyo huwaamsha hata waliokuwa hawajausoma, picha nayo inaweza kuwa imeshajihifadhi kwenye simu ya mtu. La pili, "nimetuma ya kuonekana mara moja." WhatsApp inazuia skrinishoti kwa picha hizo, ila haiwezi kuzuia simu ya pili kupiga picha kioo cha simu ya kwanza. La tatu, "ujumbe wangu unatoweka baada ya saa 24." Unatoweka kwenye mazungumzo, hautoweki kwenye skrinishoti iliyopigwa saa ya kwanza.

Na skrinishoti ina ubaya wake maalumu: inakatwa. Mtu anachukua mistari miwili katikati ya mazungumzo ya saa nzima. Swali limeachwa, jibu limebaki. Maneno ni yako, jina lako liko juu, na bado kilichosemwa hukukisema. Kwa hiyo ukiletewa skrinishoti ya mtu, jua umeletewa kipande alichokichagua mwenye ugomvi.

Upande wa kujilinda, nusu saa inatosha na mfanye likizo hii. Fungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa kwenye WhatsApp. Ukikuta kompyuta au simu usiyoijua, iondoe. Hii ndiyo njia ya kawaida ya rafiki kusoma yako: alikuomba simu dakika mbili, akaskani, akakurudishia. Weka uthibitisho wa hatua mbili wenye namba 6, na usiweke tarehe yako ya kuzaliwa. Funga kwa nywila yale mazungumzo mawili matatu yaliyo ya ndani. Na kama unatumia simu ya mama, kumbuka sauti uliyotumiwa itafunguka kwa spika wakati mama yuko sokoni.

Picha za utupu tunazisema kwa uwazi. Picha ya utupu ya mtu aliye chini ya miaka 18, hata kama alijipiga mwenyewe na kukutumia kwa hiari, inaweza kuhesabiwa ponografia ya watoto chini ya kifungu cha 13 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na faini yake inaanzia shilingi milioni 50. Kumtumia mtu ujumbe wa kumtisha, kumsumbua au kumtia uchungu kuko kifungu cha 23: faini isiyopungua milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Mtoto hupelekwa Mahakama ya Watoto na hafungwi jela kama mtu mzima, hilo mnalijua na wengine mnalitegemea. Sasa jiulize laini yako imesajiliwa kwa kitambulisho cha nani. Wengi wenu hamna namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Anayeitwa kituoni kwanza ni mama.

Ikiwa picha yako imevuja nawe una chini ya miaka 18, ipo huduma ya mtandaoni ya bure iitwayo Take It Down, ya kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na kunyanyaswa, NCMEC. Huipakii picha, simu yako inatengeneza alama ya namba ya picha hiyo, na alama ndiyo inayopelekwa kwa mitandao kama Facebook, Instagram na TikTok ili picha itambuliwe na kuondolewa. Haifiki ndani ya mazungumzo ya WhatsApp. Huko, njia ni admini: anaweza kuufuta ujumbe wa mtu yeyote kwenye grupu lake. Kabla hajafuta, andika jina la grupu, namba iliyotuma, tarehe na saa. Picha yenyewe usiihifadhi wala usimtumie mtu kama ushahidi, maana ukiituma umeisambaza.

Turudi kwa mpokeaji. Ipo nafasi moja tu rahisi ya kukata, nayo ni kabla jina halijatajwa. Mtu akianza na "usimwambie mtu, lakini…", hapo hapo sema, "Hiyo usinimalizie." Au uliza: "Mwenyewe anajua kwamba unaniambia?" Swali hili halimtukani mtu na linamaliza hamu ya kusema. Mkiona ni zito mdomoni, simameni mwende chooni. Kila mtu anaruhusiwa chooni. Jina likishatajwa wewe nawe umeshakuwa mwenye siri, na kazi inakuwa ngumu zaidi: utasema "kwangu imeishia," na iishie kweli, pamoja na kwa besti wako.

Hapa wengi huharibu kwa wema. Wanakimbia kwa mwenye siri: "Shosti, wanakusema, na fulani kasema hivi, na fulani kacheka." Huko nako ni kuchongea, na mara nyingi wanatia chumvi bila kujua. Mwambie hivi tu: "Kuna jambo lako limenifikia. Kwangu limeishia. Ukitaka kujua, nitakuambia nililipata kwa nani." Halafu nyamaza. Yeye ndiye achague.

Na wewe uliyesema, ukajuta? Usiombe radhi kwenye grupu, wala usisimame paredi. Kati ya watu 500, pengine 470 hawakuwa wamesikia. Chukua karatasi, andika majina ya uliowaambia, kwa kawaida hawazidi watatu wanne. Mwendee kila mmoja peke yake siku hiyo hiyo: "Nilikuambia jambo la fulani, sikuwa na ruhusa. Naomba liishie kwako. Wewe ulimwambia nani?" Siku hiyo hiyo ina maana yake: ukichelewa usiku mmoja, kazi imekuwa mara mbili. Ukimaliza ndipo uende kwa mwenyewe umweleze ulisema nini, kwa nani, na umefanya nini. Usimdai msamaha papo hapo. Na usijaribu kumlipa kwa kumpa siri yako, hiyo ni rehani nyingine.

Mwenye siri, siku ya kwanza ni mbaya, hatutakudanganya. Walimu tuache kusema "puuza." Mwaka 2003 Naomi Eisenberger na wenzake waliwaweka watu kwenye kipimo cha ubongo wakicheza mpira wa kompyuta, kisha wachezaji wengine wakaacha kuwapasia. Baadhi ya maeneo ya ubongo yaliyoamka ni yale yanayoamka mtu akiumia mwilini. Na hao walikuwa wageni wasiojuana. Wewe umeliwa buyu na watu unaolala nao chumba kimoja.

Siku hiyo usikose bwaloni. Ukikosa chakula, kesho kuna habari ya pili juu ya ya kwanza. Chagua sentensi moja na uirudie kwa kila anayeuliza: "Hilo ni langu, silizungumzii." Usikane kwa uongo mkubwa, maana uongo utachunguzwa, na ukweli ungechosha watu mapema. Tafuta mtu mzima mmoja na rafiki mmoja. Huyo rafiki, mpe nusu saa ya kulizungumza, kisha mfue, mcheze, msome. Amanda Rose wa Chuo Kikuu cha Missouri alionyesha mwaka 2002 kwamba marafiki wanaorudia rudia tatizo lile lile huzidi kushikamana, na wakati huo huo huzidi kuwa na huzuni na wasiwasi. Vyote viwili kwa pamoja, ndiyo maana ni vigumu kuacha.

Na msimsute mtu bwaloni. Pwani yetu kusuta kuna utaratibu wake: maneno yanarudishwa mbele ya aliyeyasema, mashahidi wapo, wakubwa wapo, na hata hivyo nyumba ngapi zimehama mtaa kwa sababu ya kusutwa? Ninyi mnachukua kelele mnaacha mashahidi. Anayesutwa mbele ya watu 300 anaaibika, na siri ya anayesuta inatangazwa kwa wale ambao hawakuwa wameisikia.

Walimu wenzetu, na sisi tunalo fungu letu. Barua ya mapenzi iliyokamatwa haisomwi kwenye ofisi ya walimu kwa sauti za kuigiza. Ofisi ya walimu ni kundi kama mengine, lina kinara na lina wapambe. Ukimwita mwanafunzi, usitume kiranja akaite jina lake dirishani. Waliokosana waonwe mmoja mmoja kwanza; ukiwakalisha pamoja siku ya kwanza, mwenye ulimi mwepesi anashinda. Na usitawanye kundi katikati ya muhula ukampeleka kila mmoja bweni lake. Umeichukua habari iliyokuwa bweni moja ukaipeleka mabweni matano, na msafirishaji ni wewe.

Mwanafunzi anapoketi mbele yako, kabla hajafungua mdomo mwambie usiloweza kulitunza: kama anadhuriwa, kama anataka kujidhuru, kama anataka kumdhuru mwingine. Ukimwambia baada ya kusikia, atakuita mbea, na atakuwa na haki.

Mambo hayo hayo ndiyo ninyi wanafunzi pia hamruhusiwi kuyafungia kifuani. Mwenzako anashikwashikwa na mtu mzima, awe mjomba, dereva wa bodaboda au mwalimu. Amesema hataki kuishi, au ameanza kugawa vitu vyake. Ameficha vidonge ili avimeze vyote. Ana mimba na amejifunga kanga tumboni, wakati kliniki inamtaka kabla ya wiki ya 12, na wakati tangu Novemba 2021 serikali ya Tanzania inaruhusu waliokatizwa masomo kwa ujauzito kurudi shule baada ya kujifungua. Mtasikia "usisnichi," yaani usichongee. Mwambie mwenzako ana kwa ana: "Hili siwezi kulibeba. Twende wote kwa matroni leo." Akikataa, nenda mwenyewe kabla ya taa kuzimwa. Mwambie mtu mzima mmoja, habari yote, majina yote, kisha usimwambie mwanafunzi mwingine yeyote. Mpaka kesho asubuhi hajafanya kitu, nenda kwa wa pili. Namba 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo, bara na Zanzibar, na huhitaji kutaja jina lako.

Wazazi, yenu ni mafupi. Mtoto akikupigia kwa simu ya matroni akalia, msiweke spika. Alichowaambia Jumapili kisiwe kwenye grupu la ukoo Jumatatu, hata kama mnaomba maombi. Na mfikirie desturi ya pwani ya binti kuwa na somo, mwanamke aliyemzidi umri, si mama yake, ambaye anaweza kumuuliza lolote. Si lazima unyago wala ngoma. Mchagulieni mtoto, wa kike na wa kiume, shangazi au mjomba mmoja, mkubaliane naye mtoto akiwepo, kisha msimwombe huyo mtu ripoti.

Jambo la mwisho ni sanduku la maswali. Lile lililokuwa nje ya ofisi ya mkuu wa shule tumeliondoa, kwa sababu kila aliyekuwa akitumbukiza karatasi alionekana na darasa zima la kidato cha pili. Sasa liko ndani ya maktaba, nyuma ya rafu ya kamusi. Karatasi ziko juu yake, zote za ukubwa mmoja, na kalamu ni za aina moja. Andika kwa herufi kubwa ukitaka mwandiko usitambulike. Funguo ni mbili, moja kwa mwalimu wa unasihi wa kike, moja kwa wa kiume, na halifunguki mpaka wote wawepo. Linafunguliwa Jumatano baada ya vipindi. Majibu ya jumla yatabandikwa ubaoni siku inayofuata. Swali lenye jina la mtu halitabandikwa, litajibiwa chumba namba 4, ambako mlango hauna kioo.